Ukuta Uliopakwa Rangi Upande Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Mimi ni mke wa mtu! Wiki ya pili sasa, na kila nikiandika "mume wangu" natabasamu peke yangu kama punguani. Mume wangu, fundi wa lifti. Leo kaondoka na ovaroli niliyoipiga pasi. Nani hupiga pasi ovaroli? Mimi.

Chumba chetu, chenye jiko dogo la pembeni, kiko nyuma ya ghorofa, tumepakana na jenereta. Likiwaka, vikombe vinacheza kabatini. Mume wangu alikikubali mwaka jana kwa ajili ya shule tu. Binti yake, tunamwita Kishungi kwa zile nywele zake za mbele, yuko darasa la tatu hapa hapa, shule ya serikali katika mtaa wa matajiri! Mama yake alifariki. Bibi mzaa mama alimtoa kwa shingo upande: shule ikiwa nzuri abaki, la sivyo anamrudisha. Mdogo wake Kishungi bado anaishi kwa bibi. Jumapili bibi anakuja kumsikiliza mjukuu akisoma.

Nampenda huyu mtoto. Ananiita anti, usingizini ananishika kidole.

Jumatano, 5 Machi

Kikao cha wazazi. Kikao changu cha kwanza! Nilivaa gauni la zawadi ya harusi, lile la kijani.

Ukuta wa shule ni mzuri ajabu, bluu, umechorwa maua. Nikapita geti, nikageuka. Upande wa ndani ni saruji tupu inayomomonyoka. Mlinzi mmoja, naye mzazi, akanieleza kwamba wakazi walichanga rangi ili barabara yao isichafuke. Watoto wao hawasomi hapa. Mabasi ya shule za kulipia huwachukua getini kwao. Wazazi tuliokaa pale ni wapishi, walinzi, madobi, watunza bustani.

Mwalimu mkuu alisema walimu hawatoshi na waliopo wanaishi mbali, maana kodi za huku hawaziwezi. Wanafika kipindi cha pili, jasho tele. Akiomba vitabu na madawati anajibiwa kuwa mtaa wake unajiweza. "Mtaa unajiweza," dobi mmoja akadakia, "sisi ndio hatujiwezi." Watu wakacheka. Mpishi aliyekaa kando yangu hakucheka. Alimhamisha mwanawe kutoka shule ya kwao ili aje huku. Nyumba njema si mlango, akasema.

Nilimsimulia mume wangu akiwa anakula. Akasema wazazi kazi yao kulalamika, Kishungi anasoma kama redio. Akanibusu kwenye paji la uso. Nikasahau yote — ndivyo nilivyo!

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzeje.

Nilikuwa nakaanga viazi, Kishungi akinisomea hadithi ya mbuzi aliyekula kofia ya mkuu wa kituo. Vizuri, na madaha yake. Nikafuta mikono, nikamfunulia ukurasa unaofuata. Akaendelea na mbuzi. Ukurasa ule ulikuwa wa wavuvi wa samaki mtoni.

Nikamwonyesha neno "mto". Akanitazama. Nikamwonyesha "na". Akanitazama.

Nikamuuliza darasani wanasomaje. Kumbe kitabu ni kimoja, kinakaa dawati la kwanza.

"Sisi wa nyuma tunasema wanachosema wa mbele," akasema. Akaniuliza kama amekosea.

Nikamwambia hapana. Viazi vikaungua.

Jumamosi, 8 Machi

Mume wangu alikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Hakugomba. Afadhali angegomba. Akasema amekaa mwaka mzima akiamshwa na jenereta kwa ajili ya shule ile, na bibi akijua, mtoto kesho hiyo hiyo anaondoka. Tutabaki na chumba.

Halafu akanishika mikono. "Mke wangu, asome ukurasa ule wa mbuzi tu. Kesho, mara hii moja. Mimi na wewe tutamfundisha wenyewe."

Mikono yake ina harufu ya grisi. Sijawahi kumkatalia neno. Nikakubali. Nikaweka utepe kwenye ukurasa wa mbuzi. Mchana nikamfundisha Kishungi apitishe kidole chini ya maneno. Polepole, nikamwambia, kidole kisitangulie mdomo.

Jumapili, 9 Machi

Bibi amekuja. Kamleta kuku mzima na maneno mengi. Ameniita binti, akanikagua, akasema nimenenepa, ndoa imenikubali. Nikaona haya, nikafurahi.

Kishungi amesoma. Kidole hakikukosea hata mara moja. Bibi hajui kusoma. Alifuata kile kidole kwa macho, akalia, akajifuta kwa kanga. Akasema yule mdogo naye anajua, humsomea pakiti za dawa na vibao vyote vya njiani, mwalimu wao ni jirani na humfuata hadi nyumbani na kitabu. Lakini shule yenyewe ya mabati! Sasa ameona kwa macho yake. Mdogo naye aje huku, asibaguliwe. Kesho.

Mume wangu akakifunga kile kitabu.

Bibi akampigia palepale mjomba wa watoto, aliyebaki na mdogo nyumbani, amlete. Mjomba anasita, anasema mtoto anaendelea vizuri, ahamishwe kwa nini? Salio likaisha. Mume wangu katumwa vocha. "Vocha ikija uongee na mjomba wewe, binti," bibi kaniambia. "Wewe msomi. Mjomba atakusikiliza."

Nimekuja jikoni, eti natazama kuku. Naandika nimesimama. Kishungi kanifuata, ananivuta gauni.

"Anti, mdogo wangu akija atakaa mbele?"

Dirishani namwona mume wangu anarudi. Duka liko hapo tu, na yeye hutembea haraka siku zote. Leo anasimama kila hatua chache, anaitazama vocha. Bibi ananiita.