Uvimbe wa Ndwiga

Jawahir, ule uvimbe kwenye kinena cha mume wangu si ugonjwa wa wanawake wa nje. Ni tauni.

Daktari aliniuliza, "Mama, kuna panya wamekufa kwenu?" Nikakumbuka Ndwiga akiwafagia kwenye stoo ya mahindi Jumamosi.

Tauni, Jawa. Na mimi siku tatu namtukana kuwa ni malaya, yeye akitetemeka na homa.

Wamemtenga. Kabla ya sindano ya kwanza akamwambia nesi, "Mpe mke wangu dawa kwanza."

Nimepewa vidonge. Kesho watu wa afya wanakuja kijijini kwetu Kanja kupulizia dawa viroboto wa panya, ndio wanaoleta tauni. Daktari anasema tumewahi, atapona.

Nimekaa tu kwenye benchi. Sijamwomba msamaha. Hata machozi hayatoki.