Tonge Uliloacha Bila Kumega

Baba,

Meza yako bado iko ndani, pale pale ulipoiacha. Nimejaribu kukikalia kiti chako, nimeshindwa. Naweka sahani, natazama ule ukuta uliokuwa ukiutazama wewe, halafu nakula nimesimama kama mpita njia.

Kule Murangi ziwani haikuwa hivi. Meza hiyo uliichonga na Mzee Magesa, jirani yako, kwa mbao za mtumbwi uliopasuka, mkaiweka nje katikati ya nyumba zetu. Jioni kila mwanamke alileta alichopika: mama ugali wa mtama na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, mke wa Magesa maziwa ya mgando. Kelele zenu za kula zilifika majini. Aliyegombana na mwenzake alijulikana hapo hapo, maana hakutia mkono. Na desturi ilikuwa wazi: aliyekosewa ndiye anayemega tonge la kwanza na kumpa aliyemkosea. Likishaliwa, maneno yamekwisha. Niliwahi kukuona ukimmegea Magesa baada ya ng'ombe wake kuingia kwenye pamba yako. Mlicheka mpaka mchuzi ukamwagika.

Kisha likaja agizo la serikali la kuhamia kwenye kijiji kipya, kando ya barabara. Ukaomba mvuno upite kwanza, na mama apate nafuu ya kifua. Magesa ndiye alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Akaja na mgambo, akapanda mwenyewe juu ya nyumba yetu, akang'oa nyasi za paa. Mvua ikamkuta mama kitandani. Tulimzika huku kijijini kabla hata hatujaezeka.

Ulirudi ziwani, ukaibeba meza kichwani, ukaiingiza ndani, ukafunga mlango. Huku nyumba zimepangwa mstari mmoja, jirani akikohoa unamsikia, na wewe ukala peke yako. Nilikuletea ugali, nikautoa umeguswa pembeni tu. Nilipokusihi utoke ukale na wenzako, ulinijibu, "Binti yangu, mimi nilikuwaga nakula na watu. Nimeacha." Watu wanasema ni homa iliyokuondoa. Waache waseme.

Sasa sikia yaliyofuata. Tangu tukuzike, wanaume hawamkaribishi Magesa kwenye chakula chao, kwa kuwa umekufa hujammegea. Mkewe akipeleka sinia nje, linarudi kama lilivyokwenda. Ubalozi nao kapewa mwingine. Jana alikuja kwangu, akasimama nje ya mlango, hakuthubutu kuingia. "Mwanangu, siku hizi nakulaga ndani kama mgonjwa," akasema. "Nimegee." Nikamfungia mlango usoni. Nilifurahi, Baba, sitakuficha.

Wazee wanasema mtoto wako anaweza kumega kwa niaba yako, hata akiwa mwanamke, maana huna mwingine. Hawanilazimishi. Lakini kwa niaba ya mama ni nani atakayemega?

Leo asubuhi nilipita karibu na nyumba ya Magesa nikienda kuteka maji. Dirisha lilikuwa wazi. Alikuwa ameketi, ugali mbele yake umeguswa pembeni tu, macho yake ukutani. Nikatua ndoo chini. Ni wewe niliyekuwa nakuona, Baba, mabega yale yale, na ule mkono uliolala mezani kana kwamba si wake. Nililia pale njiani, wanawake wakidhani nimeumia mguu.

Kwa hiyo kesho nitapika mtama na furu, na nitamwita. Nitammegea mbele ya watu wote. Sijamsamehe, usije ukadhani hivyo, na huenda tonge likaniponyoka. Basi nitamega jingine. Nimeshaona mtu akifa kwa kula peke yake, na sitaki kumwona wa pili, hata kama ni huyu. Ukikasirika, kasirika. Mwambie mama nilimfikiria yeye kwanza.

Kiti chako kitakuwa mahali pake na hakuna atakayekikalia, hilo nakuahidi. Na kila jioni, mradi nina unga, nitapika cha kutosha watu.

Pumzika, Baba. Wewe nilishindwa kukutoa nje. Meza nitaitoa.

Binti yako,
Nyamisi