Mguu wa Nne wa Punda

Bwana Shee, rafiki yangu,

Ubao wa punda umerudi kwako jana, nami niliupeleka kwa mkono wangu. Nakuandikia kwa sababu haukurudi kama ulivyokuwa darasani kwangu.

Wakumbuka siku za vita, karatasi zilipokuwa adimu na picha za shule zina ng'ombe wa Ulaya watupu. Nilikuomba unichoree punda. Wewe fundi wa milango, umri wako wote ulichonga maua na majani, hukutia kiumbe chenye roho katika kazi yako. Ulisita. Kisha ukaokota mkaa na kipande cha ubao, ukapiga mistari michache, na wa mwisho ukaukatisha shingoni, ili asiwe kiumbe kamili. "Huyo apita, hana roho," ukasema.

Miguu ilikuwa mitatu: miwili mbele, mmoja nyuma. Nami, kwa haraka yangu ya ualimu, nikaongeza wa nne kwa chaki, mbele ya macho yako. Ulicheka tu. "Mwalimu, umehesabu miguu. Punda hukumtazama."

Sikukuuliza. Wanafunzi wangu wote wamejifunza kwa mguu ule wa chaki.

Eda yake ilipokwisha, mkeo Bi Mwanaisha aliuomba ubao, maana hukuacha picha nyingine. Niliogopa kumrudishia kazi yako na kosa langu juu yake. Kufuta nako niliogopa, kwa kuwa mkaa huondoka pamoja na chaki. Basi nikafanya lililonipasa tangu awali: niliketi nikatazama, asubuhi tatu.

Mgongo haulali sawa; nyuma unashuka kidogo, pale kiuno kilipolegea. Sikio moja limesimama, jingine limeanguka. Na ule mguu wa nyuma ni mnene kuliko wa mbele, kwa kuwa umebeba uzito wa miwili. Mwenzake upo. Umekunjwa nyuma yake, ncha ya kwato tu inagusa chini. Uliiweka kwa nukta moja, nami nikapitisha chaki juu yake nikidhani ni uchafu. Nilikwenda hadi wanaposhusha mawe ya kujengea, nikamwona punda aliyetuliwa mzigo amesimama vivyo hivyo.

Nikaipangusa chaki kwa unyoya wa kuku, polepole, pumzi nimeizuia. Nukta yako ikabaki.

Bi Mwanaisha aliutazama. Kisha akasema, "Huyu ni Kijivu wetu. Akituliwa mzigo mlangoni alisimama hivi, na Shee akimwambia, pumzika bwana, nyumba ni yako." Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ututoke.

Sasa ubao uko ukumbini kwako. Wajukuu wako wataniuliza mguu wa nne uko wapi, nami wanijua, kueleza ndiyo maradhi yangu. Nakuahidi, Shee: nitawakalisha mbele yake, nami nitanyamaza mpaka wauone wenyewe.

Mola akulaze pema, fundi wangu. Nimemtazama.