Kwa Mama Shika Huku

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ulipotutoka, na nyumba bado haijazoea. Upepo ukiugonga mlango wa jikoni, lazima mmoja wetu ainue kichwa. Ndugu zangu wamenipa kalamu mimi wa katikati, eti kwa kuwa nina maneno mengi. Wamesahau nimeyarithi kwa nani.

Tunajua utakachouliza kwanza, basi tuanze nacho. Baba yupo. Anakula, analala, anatengeneza redio za watu pale barazani kama zamani. Kuomba, aliacha siku tuliyokuzika. Mezani tulipoinamisha vichwa, yeye aliangalia sahani. Jumapili alipiga pasi shati lake, akatusindikiza mpaka kwenye geti la kanisa, akasema, "Haya, mtanikuta nyumbani," akageuka. Tutarudi kwake.

Wengine wanaosoma kumbukumbu hii hawakukujua. Ulifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, jengo la nyuma lenye mashine zinazonguruma na mvuke unaotoka madirishani. Nje ya mlango palikuwa na benchi, na ndani palikuwa na joto, kwa hiyo watu wenye wagonjwa wodini walikuja kusubiri hapo. Wewe hukuweza kumwona mtu amejiinamia ukaendelea na yako. Ulimtokea na shuka, ukamkabidhi ncha mbili. "Shika huku."

Shuka kubwa haikunjwi na mtu mmoja ikakaa sawa. Basi mnavuta, mnakung'uta, mnasogeleana, mnaachana tena, na kabla rundo halijaisha mgeni wako amekwisha kusema linalomkaba. Hukumhoji mtu. Ulisema mikono ikipata kazi, mdomo hauoni haya. Mwishoni uliuliza, "Tumwambie Mungu?" Akikubali, uliomba palepale mmesimama, mkono begani kwake, maneno machache, amina. Akikataa, ulisema, "Sawa," ukachukua shuka nyingine. Hospitali nzima ikakuita Mama Shika Huku, na sisi shuleni tukawa watoto wa Shika Huku, jambo ambalo wakati ule hatukulipenda hata kidogo.

Maombi marefu yalikushinda. Kuna mzee wa kanisa aliyezoea kuizunguka dunia nzima kabla hajafika kwa mgonjwa. Ulimwambia, "Baba, Mungu si kiziwi, na foleni ni ndefu." Alinuna, lakini siku hizi anaomba kwa ufupi. Wala hukuwavumilia wanaokimbilia kumwambia mfiwa kwamba ni mapenzi ya Mungu. Kwenye msiba wa jirani yetu muuza mkaa ulimshika mkono mwanakwaya mmoja ukamkalisha mkekani. "Mapenzi ya Mungu umemuuliza lini, dada yangu? Kaa hapa, ulie naye kwanza." Na mtu akikuambia mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani mwepesi, ulimjibu, "Basi ubebe wewe tuone."

Tulikuwa tukifika mezani tunakuta sura ngeni, na vipande vya mkate vimekatwa vyembamba zaidi ili vitoshe. Sweta langu la kijani liliondoka mgongoni mwa binti mmoja aliyekuwa akimuuguza bibi yake, na hukuniuliza. Sijalisamehe hilo, Mama, na sasa sina pa kulipeleka. Kuimba, Mungu akurehemu, hukujaliwa, lakini uliimba kwa nguvu zote ukipiga deki, mpaka majirani wakawa wanajua siku ya deki nyumbani kwetu.

Lakini tunalolikumbuka zaidi ni jinsi ulivyowachukulia waliochoka kuomba. Yule mwalimu wa nyumba ya pili, aliyekuwa akipoteza mimba moja baada ya nyingine, alikuja akakaa jikoni akasema, "Mama, mimi basi. Sina neno lililobaki." Tulidhani utamhubiria. Ukamwambia, "Pumzika. Nitamwomba mimi kwa niaba yako. Ukipata nguvu utaniambia." Na ulimwomba kila asubuhi ukichemsha maji ya chai, kwa sauti ileile uliyotumia kutuamsha tukichelewa shule. Baada ya muda mrefu mwalimu alikuja akasimama mlangoni. "Leo nimeomba mwenyewe." Ukajibu, "Afadhali, maana nilikuwa nimeanza kurudia maneno." Mlicheka mpaka mkalazimika kukaa.

Ulipougua wewe, ulikuwa mgonjwa mgumu. Hukujua kuhudumiwa. Mtu akikuletea uji, ulitaka kujua mama yake anaendeleaje na ule mguu. Baba ndiye aliyekuombea kuliko sote. Yeye, mtu wa maneno machache, alipiga magoti kando ya kitanda chako akaomba mpaka sauti ikamkauka. Sisi tulikwisha kuona kwamba hutanyanyuka. Yeye aliamini. Ndiyo maana ulipoondoka iliniumiza kumtazama. "Nilimwomba jambo moja tu," alimwambia mdogo wetu tulipotoka makaburini.

Uliliona hilo mapema. Ulituita watatu, ukasema kwa kile kisauti kilichokuwa kimebaki, "Baba yenu msimsukume. Wala msimletee mchungaji. Akinyamaza, ombeni nyinyi kwa niaba yake." Tumejitahidi. Dada alikaribia kumleta mchungaji, tukamzuia. Mdogo wetu amemwombea akiwa juu ya mapaa ya watu, maana kazi ya kuezeka haina sehemu nyingine ya kufumba macho, na tunamsihi ayafumbue. Lakini tukueleze ukweli: tulikuwa tumeanza kuvunjika moyo. Tulikuwa tumekuzika wewe, na yeye tulimwona akituponyoka huku amekaa nasi meza moja.

Mwezi uliopita, alasiri moja, dereva wa lori alibisha hodi. Baba alikuwa barazani na redio aliyoifungua tumbo. Mimi na dada tulikuwa sebuleni, dirisha liko wazi, tukasikia yote.

"Shikamoo, mzee. Namuulizia Mama Shika Huku. Kijana mgeni wa kazi kule kwenye kufulia amenielekeza huku."

"Marahaba. Ni hapa. Una shida gani?"

Dereva akaeleza. Mke wake alipolazwa zamani, yeye alikunja shuka na wewe, ukawaombea. Safari hii ni mtoto, anapasuliwa moyo kesho yake. "Nimejaribu kuomba mwenyewe, mzee, maneno hayaji. Nikasema nije kwake."

Baba aligeukia dirishani, tukadhani atatuita. Kisha akasema, "Mke wangu alifariki. Mwaka unakaribia."

"Nisamehe, mzee. Yule ameniambia tu siku hizi hayupo kazini, sikujua." Tukasikia viatu vyake vikigeuka. "Pole sana. Wacha nirudi kwa mtoto."

"Ngoja," Baba akasema. Akaweka bisibisi chini, akajifuta mikono kwenye suruali, akasimama. Dada alinibana kidole mpaka kikauma.

"Bwana Mungu," Baba akasema, "mimi na wewe hatuongei, na sababu unaijua. Hayo yetu tutayamaliza siku nyingine. Huyu hapa mtoto wake anapasuliwa kesho. Msaidie. Usimfanyie kama ulivyonifanyia mimi." Walisimama hivyo, mzee na dereva, wote wawili wanalia, mpaka Baba akapata kusema amina.

Mtoto alipasuliwa, na bado yuko wodini. Baba huenda kumwona akishafunga kazi. Kanisani hajaingia, nasi hatumuulizi. Lakini jioni mezani sasa ni yeye anayeanza, na mara nyingi ni ugomvi. Anamwambia Mungu kwamba yule mtoto ana homa tena na aiangalie. Anamwambia kwamba kuhusu wewe bado hajaridhika. Chakula kinapoa, Mama, na hakuna kati yetu anayethubutu kusema amina kabla yake.

Unakumbukwa na mume wako, fundi redio; na binti yako mkubwa na mume wake; na mwanao mwezekaji na mke wake; nami wa katikati; na wajukuu wako, pamoja na yule aliyezaliwa baada yako ambaye tayari ana paji lako la uso; na wifi zako; na wenzako wa chumba cha kufulia; na mwalimu wa nyumba ya pili na wanawe.

Maadamu tunapumua, Mama, hatutakusahau.