Spika ya Kushoto

2 Februari

Kwako Bisibisi wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na kile kikohozi kimeshakuacha. Sisi huku hatujambo. Mama yako anakusalimu. Magoti yanamsumbua asubuhi, lakini ulimi hauna ugonjwa wowote. Mimi nipo kama unavyonijua. Nimeamua kuandika kwa sababu simu yangu imekufa sauti. Ukiongea nakusikia kama umeingia ndani ya ndoo, nami kumpigia mtu kelele sipendi.

Sasa, lile gari langu la zamani nimemaliza kulitengeneza. Rangi imekauka, viti vimeshonwa, injini inapumua vizuri. Imebaki redio tu. Baba yako mdogo ananishauri nitupe hilo dude, niweke redio mpya yenye taa za rangi rangi. Nimemwambia taa akaweke chumbani kwake. Gari hili litatoka gerejini kama lilivyotoka kiwandani, na redio yake ileile ya kaseti na spika zake mbili zilezile, moja kila mlango wa mbele.

Redio nimeifungua, nikatoa kapasita zilizovimba na mkanda wa mpira unaozungusha kaseti, uliokuwa umeyeyuka kama lami. Nikaweka vipya, ikaimba. Tatizo ni spika ya kushoto. Ya kulia inaongea kwa kujiamini, ya kushoto inanong'ona kama mtu aliyefungiwa stoo. Nimeitukana mpaka nimeishiwa.

Nikuambie ukweli mwanangu, jambo hili limeniingia moyoni. Mwezi uliopita wateja wawili walinirudishia injini nilizowaambia zimepona. Nilizisikiliza kama siku zote, ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni, sikusikia kitu. Kumbe zinagonga. Na unajua hapa mtaani hata mafundi wenzangu huniletea injini nizisikilize tu. Basi nimejiwekea sharti: redio hii ikinishinda, nafunga gereji. Sitaki kungoja mpaka watu waanze kunihurumia.

Wewe si ndiye fundi mitambo wa kituo cha redio? Haya, nisaidie.

Baba yako


11 Februari

Shikamoo Baba,

Barua yako nimeisoma kazini, na wenzangu wameniuliza nacheka nini. Kikohozi kimekwisha. Nakula, nalala, mwambie Mama asianze kuuliza kama nimekonda.

Habari ya kufunga gereji sijaipenda hata kidogo, Baba. Mimi kazi hii nilijifunza chini ya meza yako, nikifungua vitu ulivyokuwa umemaliza kufunga. Kwa hiyo tusikate tamaa, tutafute kwa utaratibu, maana redio ina sehemu chache tu za kujificha.

Kwanza toa spika zote mbili milangoni. Chukua betri ya tochi na vipande viwili vya waya, ugusishe kidogo nyuma ya kila spika. Karatasi ya spika ikiruka na kutoa mlio, iko hai. Halafu badilisha: ya kulia iweke kushoto, ya kushoto iweke kulia. Kama mnong'ono utahamia kulia, spika ndiyo mgonjwa. Ukibaki kushoto, spika haina kosa, twende nyuma yake.

Usiitukane tena kabla hujajua.

Mwanao


20 Februari

Bisibisi,

Marahaba. Tunaendelea vizuri, mama yako amepata dawa ya kuchua na nyumba nzima inanukia hospitali.

Nimefanya ulivyosema. Zote mbili zimeruka, tena ile niliyoitukana ndiyo imeruka zaidi. Nikazibadilisha milango. Unajua kilichotokea? Kushoto bado kunanong'ona, na ile niliyoiita mgonjwa, baada ya kuhamia kulia, inaongea kama imeajiriwa leo.

Nikajiambia basi ni redio yenyewe. Sikungoja barua yako, nikageuza na waya nyuma ya redio, za kushoto zikaenda kulia na za kulia kushoto. Hakuna kilichobadilika. Nikavuta hata waya mpya mpaka mlango wa kushoto, bado kunanong'ona vilevile.

Nimekaa garini nikiutazama ule mlango kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe. Spika nzima, redio nzima, waya mzima, sauti hakuna! Nikamwita mama yako aje asikilize. Akakaa kushoto kwangu, akasema anasikia sawasawa kila upande, kisha akarudi jikoni kwake. Lakini mama yako huyo hata redio ikipiga miluzi mitupu anaridhika, kwa hiyo ushahidi wake nimeuweka pembeni.

Nieleze, hiki ni kitu gani? Nimeanza kulipenda fumbo hili, na nimeanza kuliogopa.

Baba yako


1 Machi

Baba yangu, shikamoo,

Nashukuru kusikia magoti ya Mama yana nafuu. Mimi nimekuwa na kazi nyingi, mtambo mmoja ulituzimikia hewani na bosi akawa mkali kwa kila mtu.

Fumbo lako nimelibeba kichwani wiki hii yote. Nimelichora kwenye karatasi: spika tumeigeuza, waya tumegeuza, redio tumeipima. Ubovu umekaa palepale kushoto. Hapa kituoni tuna desturi moja, kitu kikitushinda tunauliza ni kipi ambacho hatujakigeuza. Nimehesabu kila kilichomo ndani ya lile gari, Baba, na kitu pekee ambacho hatujakigeuza ni wewe.

Usinicheke. Washa redio. Badala ya kukaa, piga magoti kwenye kiti cha dereva, utazame nyuma ya gari. Kisha niandikie upande unaonong'ona ni ule wa mlango upi.

Na lingine. Simu hiyo iliyokufa sauti, huwa unaiweka sikio lipi?

Mwanao


9 Machi

Bisibisi weee,

Salamu ni zilezile, hatujambo, sina muda wa kuzirefusha. Ubovu umehama!

Nimepiga magoti kwenye kiti kama ulivyosema, mzee mzima, matako yameelekea usukani. Muuza maji akapita na mkokoteni wake, akasimama kunishangaa, nikamwambia aendelee na safari. Na kweli mlango wa kushoto, ule ulionitesa tangu mwanzo, unaimba sawasawa! Mlango wa kulia ndio unanong'ona. Nikageuka nikakaa, ukarudi kushoto. Nikapiga magoti tena, ukahamia kulia. Nimefanya hivyo mpaka kiuno kikalalamika, na nimecheka peke yangu kama kichaa. Miaka yangu yote ya ufundi sijaona gari linalojua dereva ametazama wapi.

Simu naiweka sikio la kushoto, mkono wa kulia upate kuandika au kushika spana. Hata bisibisi yangu ya kusikilizia injini huenda upande huohuo. Kwani simu inahusiana nini na redio?

Jibu haraka, nina hamu ya kujua.

Baba yako


17 Machi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila barua hii nimeichana mara nyingi kabla ya kuimaliza.

Gari halijui umetazama wapi. Mnong'ono unakufuata wewe. Ukikaa, sikio lako la kushoto liko upande wa mlango wa kushoto. Ukipiga magoti, sikio hilohilo linaenda upande wa kulia. Simu imekufa kwa sababu unaiweka hapo, na zile injini mbili uliziona zimepona kwa sababu ulizisikiliza kwa sikio hilo.

Sugua vidole viwili karibu na sikio la kulia, kisha karibu na la kushoto. Baada ya hapo nenda hospitali, nakuomba. Usiende kwa muuza dawa, nenda hospitali wakakupime.

Naogopa, Baba. Naogopa pia kwamba utanikasirikia. Lakini hukuishiwa ufundi. Mikono yako haina kosa lolote.

Mwanao anayekupenda


8 Aprili

Baba, shikamoo,

Natumaini uko salama. Sijapata jibu. Nimempigia Mama, akasema unakula na unalala, ila gereji umeifungua nusu mlango na unashinda ndani ya gari, vioo umepandisha. Nikamwomba akupe simu, akasema ulitikisa kichwa.

Sitaki kukusumbua. Niandikie hata mstari mmoja, hata wa kunigombeza.

Mwanao


29 Aprili

Mwanangu,

Nimechelewa, na unajua kwa nini. Tunaendelea, namshukuru Mungu, na wewe natumaini huumwi.

Nilikasirika. Niliisoma barua yako nikaikunja, nikasema huyu mtoto amekaa mjini mpaka anatafuta ubovu kwenye mwili wa baba yake. Sikutaka hata kusugua vidole. Siku niliyosugua, kulia nilisikia vizuri, kushoto nikasikia kimya. Nikasugua mpaka vidole vikapata moto. Niliogopa, mwanangu, sijawahi kuogopa vile hata siku jeki ilipochomoka na gari likanikosa kidogo.

Mama yako ndiye aliyenipeleka hospitali. Daktari, msichana mdogo kuliko wewe, amenivalisha vitu masikioni akanipigia milio. Anasema la kushoto limekwisha karibu lote, halirudi. Kelele za miaka mingi, na yale mabati ninayoyagonga nikiyainamia upande mmoja. La kulia bado ni zuri, na nikilitunza litanifikisha. Amenipa vya kuziba ninapogonga bati. Ninavivaa, usiulize.

Wakati tunarudi nikamwambia mama yako, basi hukuwa unakosea siku ile garini. Akaniambia jambo lililonichoma. Kasema ni zaidi ya mwaka sasa alihamisha kiti chake mezani kikawa kulia kwangu. Akikaa kushoto na kuniuliza kitu nilikuwa simjibu. Alidhani nimemchoka, akaona ahamie upande ambao angalau namjibu. Mwaka mzima, mwanangu, na hakulalamika, yeye anayelalamikia hata chumvi. Nilisimamisha gari pembeni ya barabara nikamwomba msamaha pale pale.

Gereji sifungi. Zile injini mbili nimezisikiliza upya kwa sikio la kulia, nikazisikia zinavyogonga, nimezirekebisha. Mkono wangu bado unajifunza kupeleka bisibisi upande mwingine. Kila mara unaanza kushoto.

Spika nimezirudisha kila moja mlangoni mwake. Redio ni nzima, nadhani imekuwa nzima tangu siku ya kwanza ilipoimba, nami nikaitukana bure. Kila kitu kiko kama kilivyotoka kiwandani, isipokuwa mimi. Lakini fundi hawezi kusema kazi imekwisha kabla hajaisikia yote, na nusu ya redio ile mimi sitaisikia tena. Ukipata likizo njoo ukae kiti cha kushoto, nikuendeshe taratibu, uniambie upande huo unasikika vipi.

Baba yako