Ametulia

Mbinga, Jumanne

Shikamoo Mama mdogo,

Baridi ya huku imeanza, na lile sweta ulilonipa silivui hata kazini. Kahawa ya Matiri nimeshakununulia.

Jana asubuhi Flavia, nesi mwenzangu wa zamu ya usiku, alinikabidhi zamu wodi ya wazazi. Kuhusu Restituta, aliyejifungua alfajiri, alisema, "Ametulia." Nikaandika hivyo, nikaanza na vitanda vya mlangoni. Nilipomfikia, mama mkwe wake alinidaka mkono: "Nesi, mbona mtu wenu hanijibu?" Nikafunua blanketi. Alikuwa ametulia kwa sababu damu ilikuwa inamwisha.

Yuko hai. Ameongezewa damu chupa mbili, na mtoto ananyonya.

Metroni alipouliza, nilijibu kwamba niliambiwa ametulia. Flavia akanigeukia: "Ni hilo tu nililokwambia, Loveth?" Nikanyamaza.

Alikuwa ameniambia, "Ametulia mno, anza naye." Mimi nilikuwa nimeshafunga daftari.

Leo Flavia amesimamishwa kazi. Nimekuandikia wewe kwanza ili nisiweze tena kurudi nyuma. Nikishafunga bahasha hii, naenda ofisini kwa metroni.

Mwanao,
Loveth