Chungu Kimeoshwa

Shemeji Yustina,

Siku hizi nafundisha chuo kikuu. Haya, naongopa, mwalimu wa huko kafikia tu kwa binti yangu hapa Pito. Kazi yake kufuga vijidudu. Zahanati wanatuambia tuwaue, huyu anawalea, sielewi tumsikilize nani. Aliwataka wale wanaochachusha pombe yako ya ulezi, wamo kwenye ukoko wa chungu nilichokuja nacho. Binti yangu, kwa kumheshimu mgeni, akakisugua kwa majivu kikang'aa. Mwalimu nusura alie.

"Mzee, mmewaua wote."

Nikampa pole ya msiba, akazidi kununa. Jumamosi anarudi mikono mitupu.

Mungu awanyeshee mpunga huko Mtowisa. Nilipokuezekea jiko ulisema nidai lolote. Basi nipakilie chungu cha pili kwenye lori la Alhamisi, na usikioshe.

Shemejio, Kasiano